Jogoo mweupe: mapendo ya kwanza nayo ni jambo la wananchi

Vijana wenzetu wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Kisangani na Lubunga,

Kwenye ukurasa huu mumezoea kutusoma juu ya barabara, maji, umeme na mishahara ya walimu. Leo tunaandika juu ya filamu, tena filamu yenye mapendo ndani. Tunajua kuna kamarade ataangalia kichwa cha habari na kusema: "Jamani, matatizo ya Kisangani yamekwisha, sasa tunaongea mapendo?" Hapana, hayajakwisha. Ila kamarade, soma mpaka mwisho, halafu ukatae ukiwa umesoma.

Filamu inaitwa Rebelle. Si mpya, ilitoka mwaka 2012. Aliyeitengeneza, Kim Nguyen, ni Mkanada wa Montréal, lakini ilipigwa hapa kwetu Congo, zaidi Kinshasa, na wachezaji wanaongea Lingala na Kifaransa. Tuliionyesha Jumamosi moja jioni katika kiwanja cha nyumba moja ya Mangobo. Shuka nyeupe ukutani, projekta ya kuazima, genereta ya jirani, mafuta tukachangishana. Tulifikiri tutakuwa watu kumi na tano. Walifika zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi wa sekondari, pamoja na vijana wawili wa toleka waliosimamisha velo zao mlangoni, na mama mmoja muuza mikate ambaye aliisahau mikate yake mpaka filamu ikaisha.

Wengi walikuja kwa sababu walisikia ni filamu ya vita. Ni kweli, vita imo. Lakini saa ya kuongea ilipofika, vita haikutajwa sana. Watu walibishana juu ya kuku.

Kwa wale ambao hawajaiona

Komona ni msichana wa miaka kumi na miwili. Anaishi na wazazi wake katika kijiji cha kando ya mto, katika nchi ambayo filamu haiitaji jina. Sisi hatukuhitaji kuambiwa jina. Waasi wanavamia kijiji, wanamlazimisha kuua baba yake na mama yake kwa mkono wake mwenyewe, halafu wanamchukua porini. Huko watoto wanapewa bunduki na kuambiwa kwamba tangu leo hiyo ndiyo baba na ndiyo mama.

Porini wanamnywesha maji meupe ya mti, na anaanza kuona mizimu. Mizimu inamwonya askari wa serikali wanapokaribia. Mkubwa wa waasi, yule wanayemwita Tiger, anamfanya kuwa mlozi wake wa vita. Ghafla huyu mtoto aliyekuwa anapigwa anaheshimiwa. Lakini ni heshima ya namna gani? Anaheshimiwa mradi anasaidia kuua. Siku mizimu itakapokosea, naye atauawa kama walozi waliomtangulia.

Katika kikosi hicho kuna kijana mmoja anayeitwa Magicien. Ni albino, anatengeneza hirizi, na ni mkubwa kidogo kuliko Komona. Anampenda. Baada ya pigano moja kubwa wanakimbia pamoja, wawili tu. Ndipo filamu inabadilika. Kwa muda, bunduki zinanyamaza, na tunaona watoto wawili ambao wanacheka, wanachokozana, wanapanda pikipiki, wanakula, hawajui waseme nini.

Magicien anamwomba Komona amwoe. Na Komona, ambaye hana baba wa kuketi na kupokea mahari, hana mjomba karibu, hana hata sufuria, anakumbuka neno ambalo baba yake alimwachia: mwanaume akikutaka, mwambie akutafutie jogoo mweupe. Basi anamwambia hivyo.

Kama umewahi kutafuta jogoo mweupe wote, asiye na unyoya hata mmoja wa rangi nyingine, unajua si kazi ya asubuhi moja. Magicien anazunguka sokoni na vijijini, anauliza kila mtu. Watu wanamcheka. Wanajua jogoo mweupe maana yake nini, na wanamwona kijana aliyefungwa na msichana. Hakasiriki. Anaendelea kutafuta. Mwishowe wanafika katika kijiji cha watu walio albino kama yeye, na huko jogoo anapatikana.

Kinachofuata ni kigumu, na hatutakieleza chote. Wanapata siku chache za amani kwa mjomba wa Magicien, halafu waasi wanawakuta. Magicien anauawa. Komona anarudishwa porini, na mkubwa mmoja anamfanya mke wake kwa nguvu. Filamu nzima ni Komona anayemsimulia mtoto aliye tumboni mwake mambo yote hayo, kwa sababu anaogopa kwamba atamchukia.

Kuku wa nini?

Genereta ilipozimwa, tuliuliza swali moja tu: "Nini kimewabakia?" Tulitegemea watu watasema mauaji. Msichana mmoja wa mwaka wa tano alinyanyua mkono akasema: "Mi nimependa vile ule kijana alimuuliza kwanza. Alikuwa na bunduki, angemukamata tu ku mukono. Lakini alimuuliza."

Kijana mmoja nyuma akacheka: "Kuku mweupe! Siku hizi banaomba telefone." Watu wakacheka pia. Mwingine akaongeza: "Na bila mega ndani, telefone yenyewe hawaitake."

Yule msichana hakucheka. Akamjibu: "Yaya, telefone utanunua na franga. Hata mubaba ya miaka makumi tano ananunua telefone. Kuku utatafuta na miguu yako."

Tangu siku ile hatuachi kufikiri juu ya jibu hilo, na ndilo lililotufanya tuandike. Jogoo mweupe hana thamani kubwa sokoni. Thamani yake ni kwamba mwenye nguvu hawezi kumpata kwa nguvu zake, na mwenye pesa hawezi kutuma mtu tu akamaliza. Inabidi wewe mwenyewe uzunguke, uulize, uchekwe, urudi mikono mitupu, uende tena. Na wakati huo wote msichana anabaki huru. Anaweza kubadilisha nia. Hajachukuliwa, anangojewa.

Sasa tazama pande zote mbili za filamu. Magicien anaomba na kungoja. Mkubwa wa waasi haombi. Anachukua. Wote wawili walipita katika pori lile lile, wakabeba bunduki za namna moja. Tofauti yao haikuletwa na umaskini wala vita. Mmoja alikubali kwamba mtu mwingine anaweza kumwambia hapana.

Hapo ndipo tunaposema mapendo ya kwanza ni jambo la wananchi. Mahali pa kwanza ambapo kijana anajifunza kuomba, kukataliwa na kubaki mtu mwenye heshima si kwenye uchaguzi wala kwenye maandamano. Ni pale anapompenda mtu kwa mara ya kwanza. Na ni hapo hapo anapoweza kujifunza kinyume chake: kwamba ukiwa na nguvu, cheo au pesa, huna haja ya kuomba. Tunalalamika juu ya wakubwa wanaochukua bila kuuliza: viwanja, mishahara, migodi, kura. Walijifunza wapi? Hawakuzaliwa na miaka hamsini.

Kisangani yetu, leo

Tuongee ya kwetu sasa, bila kuzunguka.

Kila mwanafunzi wa mji huu anajua kuna pointi za kusoma na kuna pointi zinazopatikana kitandani. Tumefanya utani juu ya jambo hilo mpaka limekuwa la kawaida. Mwalimu anayemwita msichana ofisini na kumwambia kwamba matokeo yake yanategemea "kujua kuishi vizuri na watu" hana tofauti na yule mkubwa wa waasi. Anachukua bila kuomba, kwa sababu ana kalamu nyekundu mkononi badala ya bunduki.

Kila mtaa unajua familia ambapo binti aliumizwa na jirani, na wazee wa pande mbili wakakaa, wakapanga mbuzi, pesa kidogo na nguo ya mama, wakasema mambo yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Sheria za Julai 2006 juu ya ukatili wa kijinsia zipo ili kesi kama hizi zifike mbele ya mahakama. Mbuzi hafungi kesi. Angalia vile tumegeuza mambo: jogoo wa Komona alikuwa wa kuomba kabla, mbuzi wetu ni wa kunyamazisha baadaye.

Na msichana akipata mimba? Mmoja wetu alisoma na rafiki ambaye aliondolewa masomoni katikati ya mwaka, tumbo lilipoanza kuonekana. Kijana aliyehusika alikuwa katika jengo lile lile, darasa la juu. Yeye alimaliza mwaka wake, akafanya Exetat, akapata diploma, tukampigia makelele na kumwagia unga kama kawaida. Rafiki yetu siku ile alikuwa sokoni anauza pondu. Alisikia makelele ya furaha yakipita barabarani. Hatutaji shule, kwa sababu si moja.

Hatusemi haya ili watoto waoane. Tuseme wazi kabisa: Komona na Magicien ni watoto, na ndoa ya watoto hatuitetei. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza uchumba na ndoa kabla ya miaka 18, na tuko nyuma ya sheria hiyo. Wale wawili wanaoana kwa sababu hawana mtu mkubwa hata mmoja aliyebaki wa kuwaambia: kuweni watoto kwanza, tuko hapa. Lakini kukataza ndoa ya mapema si sawa na kukataa kwamba mtoto wa miaka kumi na tano ana moyo. Wazazi wetu wengi wanachanganya mambo hayo mawili. Wanafunga mlango wa mazungumzo na kufikiri wamefunga mlango wa mapendo. Mapendo yanapita dirishani, yanaenda kufundishwa na telefone.

Kutaka kuwa mtu kati ya watu

Filamu iko na jambo lingine ambalo vijana waliliona haraka kuliko sisi waandaaji. Hawa watoto wawili wanatafutana kwa sababu hakuna mahali pengine wanapokubaliwa.

Magicien ni albino. Katika jeshi la waasi anavumiliwa kwa sababu ya hirizi zake. Mahali pekee ambapo hakuna anayemtazama mara mbili ni kile kijiji cha jogoo, ambapo watu wanafanana naye. Katika kiwanja cha Mangobo palikuwa kijana mmoja albino. Hakusema kitu mbele ya watu. Baadaye, tukikunja shuka, alitukaribia akasema: "Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuona mutu sawa mimi anapendwa mu filamu." Halafu akatusaidia kubeba viti. Hatuna la kuongeza.

Na Komona anaitwa mlozi. Hapo filamu na maisha vinakutana. Rachel Mwanza, msichana aliyecheza Komona, hakutoka katika shule ya michezo. Aliishi barabarani Kinshasa, na mwenyewe amesimulia mbele ya watu vile familia ilimshtaki kuwa mlozi. Mwaka 2012, katika tamasha kubwa la filamu la Berlin, alipewa Dubu wa Fedha, zawadi ya mchezaji bora mwanamke. Mwaka uliofuata filamu ilikuwa kati ya tano zilizoshindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mtoto ambaye mtaa ulimwita mlozi, dunia ilisimama ikampigia makofi.

Hapa Kisangani ni watoto wangapi wanalala sokoni kwa neno hilo moja? Mama amekufa, baba ameoa tena, mtoto anakojoa kitandani au anasema maneno mengi usiku, mchungaji fulani anapitisha neno, kesho yake mtoto yuko barabarani. Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza waziwazi kumshtaki mtoto kwa ulozi. Ni Katiba ya tangu 2006. Watoto waliozaliwa mwaka huo wamekwisha kuwa watu wazima, na bado neno linafukuza.

Kwa wengi wetu ambao hatukufukuzwa nyumbani, kutaka kukubaliwa kuna sura nyingine ndogo. Ni viatu vya kwenda navyo kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Ni kuambiwa usimame nje ya darasa asubuhi kwa sababu minerval haijalipwa, na yule unayempenda amekaa dirishani anakutazama. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi. Sekondari, yaani miaka hiyo hiyo ambapo moyo unaanza kupiga kwa ajili ya mtu, bado tunalipa. Ni kijana wa toleka anayemaliza siku akiwa na jasho, na anapita barabara nyingine ili msichana fulani asimwone. Ni wavulana ambao wanahesabu wasichana kama magoli ili wasichekwe na wenzao, na wasichana ambao wanakubali jambo ambalo hawalitaki ili wasiitwe wa kijijini.

Waasi wa filamu wanajua hitaji hilo kuliko wazazi wetu. Ndiyo sababu wanaanza kwa kumpa mtoto jina, kinywaji cha pamoja na familia mpya. Anayetaka kuwatumia vijana wa Kisangani, awe mwanasiasa mwenye franga ya maandamano ya kununua au kiongozi wa kundi la mtaa, anaanza vile vile. Kijana ambaye amekwisha kupendwa na kukubaliwa vile alivyo ni vigumu kumnunua.

Kwa nini tulimpata katika vita tu?

Sasa, filamu tunaisifu, lakini tuko na lawama. Kwa nini ili tuone watoto wawili wa Congo wakipendana, inabidi tupite kwanza kwenye maiti? Kwa nini alikuja mtu wa Montréal kutuonyesha?

Kisangani si mji usiojua kamera. Mwaka 1951 John Huston alikuja kupiga The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Biondo. Ni hadithi ya mapendo pia, ya Wazungu wawili wenye umri, ndani ya mashua. Mwaka 1958 Audrey Hepburn alikuja Stanleyville, kama mji ulivyoitwa wakati ule, kucheza mtawa katika The Nun's Story. Watu wetu katika filamu hizo wanapita nyuma. Wanabeba, wanapiga makasia, wanaugua, wanatibiwa. Hakuna anayewauliza wanampenda nani.

Halafu akaja mtoto wa hapa hapa. Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984, na amefanya kazi ambayo mji huu haujamshukuru vya kutosha. Katika Maman Colonelle, ya 2017, tunamfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi, aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja kwetu kulinda wanawake na watoto. En route pour le milliard, ya 2020, inawafuata waliokatwa viungo katika vita vya siku sita vya Juni 2000, wanaoteremka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Na kabla ya hizo, Examen d'État ya 2014: wanafunzi wa Kisangani wanafukuzwa kwa sababu hawakulipa, wanajikusanya katika nyumba moja, wanajitayarisha kwa Exetat kwa vitabu, kwa maombi, na kwa njia ambazo hatutazitaja hapa maana kila mtu anazijua.

Hiyo ya mwisho, kwetu sisi, ndiyo filamu ya vijana ya mji huu. Itafute. Utaona sura zako ndani. Utaona pia kwamba kati ya wanafunzi wale, katika ile nyumba, lazima kulikuwa na macho yaliyokutana, na barua, na wivu. Filamu ilikuwa na jambo lingine la kusema, na ni haki yake. Lakini sehemu ile ya maisha yetu bado haijapigwa na mtu.

Hatuna aibu ya kuitaka. Vijana wa Marekani, Ufaransa na India wanaonyeshwa kila siku wakipenda, wakikosea, wakilia chumbani, wakipona. Sisi tunawatazama kwenye telefone na kujifunza kupenda katika nyumba ambazo si zetu, zenye vyumba ambavyo hatuna. Filamu ya kwetu ingekuwa na nini? Mtumbwi wa kuvuka kwenda Lubunga, ambapo watu wawili wanalazimika kukaa karibu. Lituma iliyogawanywa katikati. Ujumbe uliokwama kwa sababu mega zimekwisha. Msichana ambaye familia yake ilikimbia nyumba kwa sababu ya mapigano ya Wambole na Walengola, na kijana ambaye jina lake la ukoo ni la upande mwingine. Filamu hiyo peke yake ingefanya kazi ya semina kumi za amani.

Kwa wanaotukataa

Kamarade wa mwanzo bado yupo. Anasema: "Mapendo ni ya watu walioshiba." Tunamjibu na filamu: Komona na Magicien hawakushiba. Hawakuwa na chochote. Na bado zile siku chache ndizo pekee ambapo hawakuwa silaha ya mtu. Anayesema maskini asubiri kwanza ashibe ndipo ahesabiwe kuwa na moyo, amekubaliana na wale wanaotuona kama matumbo na mikono tu.

Mzazi anasema: "Munafungua watoto macho." Mama, baba, macho yalikwisha kufunguka. Swali ni nani anasimama karibu yao wanapotazama. Yule mama wa mikate alisema jambo hilo kuliko sisi, siku ile ile: "Mi binti yangu hakuniulizaka kitu, nikafikiri hana swali. Kumbe alikuwa anauliza wengine."

Tunachoomba

Kwa wakuu wa shule: msichana mwenye mimba abaki darasani au arudi baada ya kujifungua, na mwalimu anayeuza pointi kwa mwili aondolewe yeye, si mwanafunzi aliyesema.

Kwa wazazi, wachungaji na mashehe: ongeeni na vijana kabla ya telefone kuongea nao. Na neno "mlozi" lisitoke tena kinywani juu ya mtoto.

Kwa serikali ya jimbo la Tshopo na ya mji: Katiba, kifungu cha 42, inawapa wajibu wa kulinda vijana, afya yao, elimu yao na kukua kwao kote. Kila komine ipewe ukumbi mmoja wa vijana wenye umeme na shuka ya filamu. Nganda za kunywea hazikosekani katika mji huu.

Kwa wenye kamera, hata ya telefone: tupigieni mapendo yetu. Anzeni na dakika tano. Tutayaonyesha.

Na kwetu wenyewe, vijana, hasa wavulana: tusingoje serikali kwa jambo hili. Uliza. Ukiambiwa hapana, hiyo ni jibu, si vita. Ukiambiwa ungoje, ngoja. Ukiambiwa utafute jogoo mweupe, vaa viatu utoke.

Tutaendelea na maonyesho, Jumamosi baada ya Jumamosi, komine kwa komine. Zamu inayofuata ni Kabondo, na tutaonyesha Examen d'État. Kuingia ni bure. Kuja na kiti chako, na kama uko na rafiki ambaye huwa haalikwi mahali, kuja naye.